Viatu vya Simu na Mguu wa Kalekye

Asifiwe Mungu aliyetufinyanga kwa udongo na kutusimamisha juu ya nyayo mbili. Amenijalia miaka mingi ya kupiga magoti, mara mbele zake na mara nyingi zaidi mbele ya wateja, na magoti haya bado yanakunjika. Kwa hilo peke yake ningeweza kushukuru mpaka jua litue. Lakini leo, wajukuu zangu pamoja na vijana wengine mtakaosoma, nina shukrani moyoni na hasira kidogo kooni. Nivumilieni, kama mimi ninavyowavumilia ninyi na simu zenu mezani.

Niliuza viatu mjini Kitui kwa miaka thelathini na sita, katika duka lile lile. Sikuwa mwenye duka. Nilikuwa yule anayekaa kwenye kigoda kifupi mbele ya mteja na kuushika mguu wake. Sasa nimestaafu, nimerudi kwetu kwenye milima ya Mbooni, na kila nikilalamika kwamba kitu fulani kimechakaa, iwe ni taa, mkanda au miwani, mjukuu wangu hunijibu bila kuinua macho: "Umau, si uagize tu onlaini?" Umau ni babu kwa Kikamba, na kuitwa hivyo ni raha. Ni hayo maneno mengine yanayonichosha. "Agiza tu." Kana kwamba kununua kitu ni kukipata tu!

Niseme mapema kilichonifanya nishike kalamu. Dada yangu mkubwa, Kalekye, alikuwa karibu kukatwa mguu wa kushoto mwaka huu kwa sababu ya viatu vilivyonunuliwa kwa simu. Lawama nitaigawa kwa haki, na mtaona kwamba fungu langu si dogo.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilikuwaje, maana nyinyi mnadhani muuzaji wa viatu ni mtu wa kuteremsha maboksi kutoka kwenye rafu.

Mwenye duka alikuwa Bwana Abeid, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani wakahamia Kitui. Yeye alikuwa na swala zake na mimi nilikuwa na ibada zangu, na katika miaka yote hiyo tuligombana juu ya viatu tu. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Ukimwona mteja anaingia, unaangalia nini?" Nikajibu, "Uso wake, nimsalimie." Akasema, "Msalimie, lakini macho yako yawe chini. Mtu atakudanganya kwa uso kwamba haumii. Mguu haujui kudanganya."

Alinifundisha kupima miguu yote miwili, kwa sababu hakuna mtu aliyeumbwa na miguu sawasawa, na kiatu hununuliwa kwa ule mkubwa. Alinifundisha kumwambia mteja wa asubuhi arudi alasiri, mguu ukiwa umetembea na kuvimba kidogo. Wengine walikasirika na kwenda kwa jirani. "Waache waende," alisema, "watarudi wakichechemea." Alinifundisha kuingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kumvisha mtu yeyote, vidole vikitafuta mshono uliosimama au msumari uliochungulia. Halafu kulikuwa na ubao. Bwana Abeid alitengenezesha ubao mpana ulioinama, akauweka kando ya kaunta kwa ajili ya watu wa milimani. Mtu wa tambarare alijaribu viatu sakafuni. Mtu akisema anatoka Mbooni, alipandishwa kwenye ubao ule na kuambiwa ateremke, maana mteremko unasukuma vidole mbele, na kiatu kinachokutosha ukiwa umesimama kinaweza kukung'oa kucha ukishuka kwenda kanisani.

Watu walicheka sana ubao ule. Mama mmoja aliuliza kama tunafundisha mbuzi kupanda lori. Lakini alipoteremka mara mbili aliomba saizi inayofuata.

Waliokaa mbali hawakuja wenyewe. Walitutumia kijiti. Nyumbani mtu aliuweka mguu chini, akakata kijiti kuanzia kisigino mpaka kwenye ncha ya kidole kirefu, akamkabidhi kondakta wa basi, na sisi tukatafuta kiatu ambacho kijiti kile kinalala ndani yake na kubakiza upana wa kidole gumba. Tuliuza viatu vingi kwa njia hiyo. Mimi mwenyewe nilijiona hodari wa vijiti, mpaka alipokuja mzee mmoja wa kanisa kutoka Zombe.

Alikuwa ametuma kijiti cha mkewe, nami nikamchagulia viatu vyeusi vizuri sana. Siku ya tatu waliingia dukani wote wawili. Mama alikuwa amevaa kandambili, na vile viatu amevivaa mikononi kama glavu.

"Ni wewe uliyeuza hivi?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Kwa kipimo cha kijiti."

"Kijiti cha nani?"

Nikamwangalia mumewe. Mumewe akaangalia dari.

"Nilimpima akiwa amelala mchana," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa zawadi. Sikutaka ajue."

"Basi ungenibeba mgongoni mpaka kanisani nikiwa bado nimelala," mama akasema. "Huko vingenitosha kabisa."

Duka zima lilicheka, na Bwana Abeid alicheka kuliko wote. Tukambadilishia pale pale. Walipoondoka, kicheko kiliisha. "Hukuuliza kijiti kimekatwa vipi," Bwana Abeid aliniambia. "Mguu uliolala ni mfupi na mwembamba. Ukibeba mwili unatanuka. Usiuze tena kijiti usichojua habari zake." Tangu siku hiyo, kondakta akileta kijiti nilimuuliza maswali kama polisi: amepimwa amesimama au ameketi? Mguu upi? Nani aliyekata? Tena nikaanza kuagiza na uzi wa kuzungushwa katikati ya mguu, ili nijue upana.

Sasa njooni kwa dada yangu.

Kalekye ni mjane, ana miaka sabini na kitu, na ana ugonjwa wa sukari tangu zamani. Nyumba yake iko juu kidogo ya yangu. Binti yake wa mwisho, Mwende, anafanya kazi ya ofisi Nairobi. Ni mtoto mwema, simwandiki hapa kumwaibisha, na nimemwomba ruhusa. Ilipokaribia Jumapili ya mavuno, siku ambayo kila mtu kanisani kwetu huleta mbele ya madhabahu kitu kutoka shambani na kukileta akiwa amependeza, Mwende alimpigia mama yake na kumuuliza anavaa saizi gani.

Kalekye hajawahi kujua saizi yake. Alikuwa na kaka wa kumjulia. Basi akafanya alichozoea: akaketi kitandani, akakata kijiti. Jirani akakipiga picha kwa simu, kijiti na kiberiti kando yake, na picha ikaenda Nairobi. Mwende akakadiria urefu wa kijiti kwa kuulinganisha na kiberiti, akaingia kwenye duka la mtandaoni, akabonyeza. Niliposikia habari hii baadaye nilishika kichwa kwa mikono miwili. Kijiti cha mtu aliyeketi, bila uzi wa upana, kilichopimwa kwa picha ya kiberiti! Yule mzee wa Zombe angalau alikigusa kijiti chenyewe.

Viatu vilifika mjini Wote siku mbili baadaye, na mtu wa boda boda akavipandisha mpaka mlangoni. Kalekye akaniita.

"Musyoka, njoo uone alichonitumia mwanangu."

Vilikuwa viatu vya rangi ya chai ya maziwa, vimechongoka mbele, vina kibanio cha chuma kinachong'aa. Vizuri kwa macho, sikatai.

"Vimetoka duka gani?" nikauliza.

"Kwa simu."

"Simu haina miguu. Inajuaje viatu?"

"Una wivu tu," akasema. "Duka lenu limefungwa, sasa unataka sisi wote twende peku."

"Vinakubana?"

"Hata sisikii kitu. Ni kama sijavaa."

Vijana wangu, hapo ndipo ningepaswa kupiga magoti. Mtu mwenye sukari ya miaka mingi akikuambia hasikii kitu mguuni, hajakuambia kwamba kiatu kinamtosha. Amekuambia kwamba mguu wake umeacha kulalamika. Niliyajua hayo. Nilikuwa nimewahudumia watu wa namna hiyo dukani, na kila mara nilivua kiatu na kuangalia mwenyewe kama ngozi imeacha alama nyekundu. Lakini siku ile nilikuwa nimeudhika. Neno lile la wivu lilinichoma kwa sababu lilikuwa na ukweli kidogo. Nikasema, "Basi vaa. Mimi viatu vya simu sishiki." Nikamaliza chai yangu nikaenda zangu. Miaka thelathini na sita nimeshika miguu ya watu nisiowajua, na mguu wa dada yangu nikaususia.

Jumapili aliteremka njia yote mpaka kanisani akibeba kikapu cha ndengu na maparachichi. Akina mama walimpokea mlangoni kwa vigelegele. "Mama Mwende, leo umetoka! Nairobi imefika Mbooni!" Akatembea mpaka mbele polepole, akigeuza kiatu kidogo ili kionekane, na mimi kwenye kiti changu nikaimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida ili nisimtazame.

Jumatano nilipita kwake nikamkuta akifagia uani. Alikuwa anakanyagia ukingo wa nje wa kisigino cha kushoto. Hakuna mtu mwingine ambaye angeliona jambo hilo.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Nina kazi."

"Kaa chini, Kalekye."

Nikapiga magoti nikamvua soksi. Haikutoka kwa urahisi, ilikuwa imeganda. Kidole kidogo kilikuwa kimechubuka mpaka nyama, na kingo zimeanza kuwa nyeusi. Dada yangu aliinama akautazama mguu ule kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Hiyo damu imetoka wapi?" akauliza.

Nesi wa kliniki alikuwa kijana wa umri wa wajukuu zangu, na alitusema sawasawa. Alivigeuza vile viatu mkononi, akaingiza vidole ndani, akaushika mshono uliosimama pale pale penye kidole kidogo.

"Nani alimvalisha hivi?"

"Ni zawadi ya binti yake," nikasema.

"Na mama anasema wewe ulikuwa fundi wa viatu."

"Muuzaji."

"Ulivipima?"

"Hapana." Akaendelea kuandika. Kisha akatueleza bila kuficha: jeraha lisafishwe kila siku, mguu usikanyage chini, na kama weusi ule ukipanda kuelekea unyayoni, hospitali kubwa haitakuwa na njia ila kukata juu ya kifundo. Kalekye alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama anaweza kumaliza kuvuna kwanza.

Mwende alikuja Jumamosi. Alilia, kisha akalikasirikia lile duka la mtandaoni, akasema lazima wavichukue viatu vyao. Nilikaa kando yake akiandika kwenye simu. Huko upande wa pili hakukuwa na mtu, kulikuwa na mashine inayojibu. Ilimwita mpendwa mteja. Ikamtaka achague shida yake: rangi siyo, saizi siyo, au mzigo umechelewa.

"Mwambie kuna jeraha," nikamwambia.

"Anko, hakuna mahali pa kuandika jeraha."

"Basi andika saizi."

Akaandika saizi. Mashine ikaomba picha ya viatu vikiwa safi, ndani ya boksi, havijavaliwa. Mwende akatuma picha ya mguu wa mama yake. Mashine ikashukuru kwa maoni yake na kumuuliza ameridhika na huduma kwa nyota ngapi. Mimi ni mtu wa maombi na nimefundishwa kuwabariki wanaoniudhi, lakini sikujua nimbariki nani pale.

Kwa hiyo msidhani hasira yangu ni ya bure. Ila ngojeni, kwa sababu zamu ya maduka nayo inakuja.

Nesi alisema Kalekye, Mungu akimponya, anahitaji viatu vipana, laini, vyenye kina mbele, visivyo na mshono ndani. Nikasema hilo niachieni mimi. Nilitafuta mjini Wote nikakosa, nikafunga safari mpaka Kitui kwa furaha ya mtu anayerudi kazini. Mahali palipokuwa duka letu panauzwa makava ya simu. Nikazunguka maduka mengine yote ya viatu. Katika moja, dada mmoja alikuwa amekaa nyuma ya kaunta akicheka na simu yake. Nikamweleza habari za mgonjwa wangu, mguu, nafasi ya vidole, mshono. Alipoacha kucheka alisema, "Mzee, saizi ziko hapo nje, jichagulie." Hakusimama. Kigoda hakikuwepo. Kioo cha chini cha kutazamia viatu mguuni hakikuwepo. Nikavipekua viatu vyenyewe, vingi vya plastiki, vimechongoka kama vile vya simu, na mshono ndani uko pale pale. Hapo nilishindwa hata kukasirika vizuri, maana nilikuwa nimejiandaa kukasirikia upande mmoja tu.

Nilirudi mikono mitupu. Mwende, kwa adabu na kwa sauti ya chini sana, akasema, "Anko, viatu vya namna hiyo viko. Lakini viko onlaini."

"Sawa," nikasema. "Lakini safari hii utapima wewe, na utapima ninavyokuambia."

Kabla ya kupima ilibidi tungoje, na kungoja huko ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote. Weusi ulipanda kidogo, ukasimama. Hospitali kubwa walikikata kile kidole kidogo. Tuliomba kwa zamu, nyumbani na kanisani, na mimi katika maombi yangu nilitaja kile kikombe cha chai nilichomaliza nikaondoka. Wiki ya nne nesi alifungua bandeji, akabonyeza unyayo wote kwa kidole chake, akasema nyama ni nyekundu na safi. Mguu ulibaki.

Alasiri ya siku hiyo, Mwende akiwa amekuja tena kutoka Nairobi, nilitoa karatasi kubwa ya kalenda kuukuu, nikaitandaza kwenye sementi upande mweupe ukiwa juu. Mama akasimama juu yake huku ameshika mabega ya binti yake. Mwende akapiga magoti. Nikamwonyesha kushika penseli wima, isilale, maana ikilala unachora mguu mwembamba kuliko ulivyo. Akachora wa kulia, akachora wa kushoto pamoja na bandeji yake. Akazungusha uzi katikati. Nikamwambia apitishe mkono wake chini ya unyayo na pembeni, aijue nyama na mfupa, ajue wapi pamevimba. Alifanya hivyo taratibu, na katikati ya kazi akasimama.

"Mama, sikujua miguu yako iko hivi," akasema. Visigino vyake vina nyufa ambazo unaweza kuingiza ukucha.

"Ungejulia wapi?" Kalekye akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nikikuvalisha wewe."

Mwende alipiga simu kwa wauzaji watano. Wanne hawakupokea, au walisema atume tu saizi. Wa tano alikuwa mama wa Nairobi mwenye sauti ya uchovu, na kabla ya kutaja kiatu chochote aliuliza, "Anavaa soksi nene? Na jeraha liko upande gani?" Nikamwashiria Mwende kwa kidole: huyo, huyo, usimwachilie. Huko ndani ya simu kulikuwa na mtu wa kazi yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba wako huko.

Jozi ya kwanza ilikuja ikiwa fupi kidogo. Tukairudisha, na yule mama akaipokea bila maneno. Jozi ya pili ilifika Ijumaa, Mwende akiwa amekuja tena. Ni viatu vyeusi, vipana, vibaya kwa macho kweli kweli. Kalekye alipoviona alisema, "Hivi ni viatu au ni sufuria?"

Mwende aliingiza mkono ndani ya kila kiatu na kupapasa mpaka mwisho, akamvalisha mama yake, akamshika mkono wakatembea uani mara tatu. Kisha akamketisha, akavua kiatu na soksi, akaushika mguu wa kushoto mapajani mwake na kuugeuza huku na huku kwenye mwanga, pale palipokuwa na kidole, kisigino, unyayo wote.

"Mbona unaniangalia mguu hivyo, kama unataka kuununua?" Kalekye akauliza.

"Nyamaza, Mama. Vinabana?"

"Sisikii kitu."

"Najua," Mwende akasema. "Ndiyo maana naangalia mimi."

Hakukuwa na alama yoyote. Akamvalisha mguu wa kulia, akaanza tena. Alikuwa na gari la kurudi Nairobi mchana ule, na lilimwacha.

Mungu awabariki ninyi mliosoma mpaka hapa. Awape wazazi wa kuwazawadia, na mikono isiyoona haya kuwagusa. Mnunue mtakapopenda. Lakini kila zawadi mnayoituma nyumbani, Bwana awape nafasi ya kuifuata wenyewe mkaone imekaaje. Amina.